Mizinga Tunayo, Walioiburuta Wako Wapi?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazee, viongozi wa vijiji, walimu na vijana wanaoongoza wageni katika delta ya Rufiji na kisiwa cha Mafia. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Waheshimiwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, masheikh, walimu, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Ukiingia Ngome ya Yesu pale Mombasa utakuta mizinga miwili ya Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, wenye kipenyo cha sentimita 10.5. Wa pili ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus, wa inchi 4. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, meli hizo zilipigana bandarini Unguja. Leo mizinga yao imewekwa ngome moja na wageni wanaipiga picha. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Mwingine uko Jinja, Uganda, kambini. Meli ile ilikuwa na mizinga kumi, yote ikatolewa humu humu Rufiji, na hiyo mitatu tunaweza kwenda kuigusa.

Sasa nawauliza. Nani aliitoa mizinga ile kwenye matope? Nani aliiburuta mpaka Dar es Salaam? Nahodha wa meli tunamjua, Max Looff. Rubani Mwingereza aliyeruka juu ya delta siku ya mwisho tunamjua, Cull, na mwenzake aliyekuwa akitazama shabaha, Arnold. Haya, nitajieni jina la mtu mmoja, mmoja tu, kati ya walioshika kamba.

Ndiyo maana tumeitana.

Tukumbushane kwanza habari yenyewe, na nitakwenda haraka kwa sababu wengi wenu mnaijua. Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Ilikuwa na dohani tatu, na watu wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu. Tarehe 31 Julai ikatoka bandarini, na tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Baada ya hapo shida yake kubwa ikawa makaa. Ikajificha Rufiji, kwa sababu Wajerumani walikuwa wamepima mikondo ya delta kwa meli yao ya upimaji, Möwe, na ramani za Waingereza zilikuwa nyuma: hazikuonyesha kwamba meli kubwa inaweza kupita. Ikatoka ikaipiga Pegasus, ambayo ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, na ambayo mizinga yake haikuweza kumfikia adui. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, wengine papo hapo, wengine kwa majeraha. Königsberg ikarudi Rufiji na mitambo mibovu, na vipande vya kutengenezwa vikapelekwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa.

Waingereza waliigundua tarehe 30 Oktoba. Novemba wakazamisha meli Newbridge katika mlango wa Suninga ili kuuziba. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakaifanya kituo cha ndege. Juni zikafika Severn na Mersey, manowari mbili bapa zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zinazoweza kuelea kwenye maji yasiyofika mita mbili. Tarehe 6 Julai ziliingia mlango wa Kikunja, zikapiga makombora zaidi ya 600, na Königsberg ikabaki. Tarehe 11 Julai zikarudi, ndege ikizielekeza shabaha kutoka juu. Safari hiyo Königsberg ikawaka moto, na Looff akaamuru ilipuliwe palepale ilipokuwa.

Kwa maafisa, kisa kimeishia hapo. Kwa watu wa delta kazi ndiyo kwanza ilianza. Mizinga yote kumi ilitolewa, ikafikishwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana ya reli, ikatawanywa nchi nzima. Mmoja ulifika Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Chuma kile hakikutembea chenyewe, jamani. Wako watu waliokata mikoko kupisha njia, waliosukuma pondo, waliovuta kamba, waliopikia wavutaji, waliotoa mpunga wapende wasipende.

Jambo langu leo ni hili: majina yao hayajapotea yote. Sehemu iko kwenye karatasi, sehemu iko vichwani mwa wajukuu, sehemu iko ardhini. Lakini yatapatikana tu tukiyakusanya kwa utaratibu, kila kipande na chanzo chake, ili mtu mwingine aje akikague.

Nianze na karatasi. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ya uchunguzi kuhusu yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilisema idadi inaweza kufika 350,000. Sikilizeni tena: 350,000. Nendeni Chapwani, kile kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe, mkaone makaburi ya mabaharia wa Pegasus. Halafu simameni kwenye Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Imeandikwa kwamba ni ukumbusho wa askari na wapagazi. Jina hata moja halimo.

Na huo ni upande wa Waingereza, walioshinda na kubaki na mafaili. Wapagazi wa upande wa Wajerumani mara nyingi waliandikwa kwa idadi tu: leo wameletwa mia, kesho wametoroka ishirini.

Karatasi ziko wapi? Kumbukumbu za meli za Uingereza, yaani daftari la kila siku la kila manowari, ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo unaoitwa ADM 53. Ripoti na barua za vita ziko ADM 137. Za jeshi la majini la Ujerumani ziko Freiburg, chini ya herufi RM. Za wizara ya makoloni ziko Berlin, R 1001. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya serikali ya Kijerumani yenye herufi G, na Unguja kuna Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Msitishwe na London. Daftari nyingi za meli za Uingereza za miaka ile zilinakiliwa na watu wa kujitolea, na zinasomeka bure kwenye intaneti. Mwalimu mwenye simu na bando anaweza kuanza leo jioni.

Sasa, mtu anatafuta siku nzima, anatoka mikono mitupu, anasema hakuna kitu. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia kwa sikio la Kijerumani. Salale utaikuta imeandikwa kwa S mbili mwanzoni. Dar es Salaam imeunganishwa neno moja. Sauti yetu ya J ameiandika kwa herufi nne, d-s-c-h. Kwa hiyo kabla hujaanza kutafuta, kaa na karatasi, andika jina la kijiji kwa namna tano au sita, kisha tafuta zote. Majina ya watu vilevile: Juma anaweza kuwa ameanza na D.

Sababu ya pili ni saa. Hii imeharibu kazi nyingi nzuri. Mzee anasema manowari zilipita saa kumi na moja alfajiri. Kijana anaandika 11:00. Mwaka mmoja baadaye mtu analinganisha na daftari la meli, anakuta 05:00, anasema mzee amekosea. Mzee hakukosea, aliyekosea ni mwandishi. Andikeni saa kama ilivyotamkwa, kwa maneno, na pembeni muweke saa ya kizungu ndani ya mabano. Zote mbili, daima.

Sababu ya tatu ni kalenda. Babu zetu hawakuhesabu kwa Julai. Tarehe 11 Julai 1915 iliangukia mwishoni kabisa mwa Shaaban 1333, siku mbili hivi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Shambulio la Unguja lilikuwa mwishoni mwa Mfungo Mosi, 1332. Kwa hiyo ukikaa na mzee usimuulize habari za Julai 1915. Muulize: ulisikia habari za mizinga iliyolia watu wakisubiri mwezi wa Ramadhani? Utaona uso wake unavyobadilika.

Hapo tumefika kwa wazee, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kazi.

Hesabu ni rahisi na inatisha. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1915 alizaliwa 1895. Hayupo. Mtoto wake aliyezaliwa 1930, kama yupo, amepita miaka tisini. Tulio nao ni wajukuu, waliozaliwa miaka ya hamsini na sitini, waliokaa na babu wakamsikiliza. Wale wa mwisho waliosikia kwa mdomo wa aliyekuwepo wako kati yetu sasa hivi, na baadhi wamekaa viti vya mbele hapa. Baada yao yatabaki maneno ya kusikia kwa aliyesikia.

Kwa hiyo mnahoji vipi? Nendeni wawili. Mmoja anauliza, mwingine anaangalia chombo cha kurekodi na kuandika majina. Simu inatosha, lakini iwekwe isipokee wito, kwa sababu simu ikiingia katikati, programu nyingi zinakata kurekodi bila kusema. Rekodini dakika moja ya majaribio, muisikilize kabla hamjaanza. Kaeni mbali na redio, kuku na bati la mvua. Simu iwe karibu na mdomo wa mzee, nusu mita hivi, juu ya kitambaa. Ukiiweka juu ya meza tupu kila mgongano wa kikombe utasikika kama mlango unagongwa.

Kabla ya swali la kwanza, sema kwa sauti ndani ya rekodi: tarehe, kijiji, jina lako, jina la mzee kama atakavyo liandikwe, na ombi la ruhusa. Mwambie kilichorekodiwa kinakwenda wapi, nani atasikia, na kwamba anaweza kusema hiki kifute. Akikataa jina lake litajwe, lisitajwe. Ruhusa aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, siyo kutikisa kichwa. Rekodi haioni kichwa.

Maswali yawe wazi. Usimuulize, je, babu yako alivuta mzinga wa Königsberg? Atasema ndiyo kwa heshima ya mgeni, na wewe utakuwa umejitungia ushahidi. Muulize: babu alikuwa wapi wakati wa vita vya Mdachi, yaani Mjerumani? Alikuwa akifanya nini? Alikuwa na nani? Na swali moja msilisahau hata mkisahau yote: hili ulilisikia kwa nani, na ukiwa na umri gani? Hilo ndilo litakalomsaidia anayekuja miaka hamsini ijayo kujua uzito wa maneno.

Usimsahihishe. Akisema meli ilikuwa na bomba nne, mwache aseme nne. Ukimsahihisha mara moja, kuanzia hapo atakusomea anachodhani unataka kusikia. Mwombe achore mchangani njia waliyopita, halafu upige picha ule mchoro. Mwombe nyimbo, maana wavutaji wa kamba huimba, na wimbo hushika majina ambayo hadithi imeyaachia. Na ulizeni kina mama. Timu nyingi huingia kijijini zikakaa na wanaume barazani siku nzima, zikaondoka. Nani alitwanga? Nani alificha mpunga? Nani alibaki na watoto mwanamume alipokamatwa kwenda kubeba? Historia ya upagazi bila wanawake ni nusu ya historia, na mimi naiona kuwa nusu iliyo nyepesi.

Mkirudi nyumbani, siku hiyo hiyo, kabla ya kulala: nakala tatu. Moja ibaki kwenye simu, moja kwenye diski au flashi, moja iende mahali pengine kabisa, shuleni au kwa ndugu mjini. Nyumba ya delta inaingia maji, flashi zinakufa kwa chumvi, simu zinaibwa. Jina la faili lianze na kijiji, kisha mwaka, mwezi, siku, kisha namba. Faili lenye jina "sauti mpya 7" ni faili lililokwisha kupotea.

Nina kisa hapa. Kinasimuliwa sana kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika vita hivyo, malimbikizo yao, wazee walikusanyika Mwanza, wengi bila cheti chochote. Basi afisa wa benki akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Kisa kitamu, na watu wanakipenda. Mnakiwekaje kwenye maonyesho yenu? Wekeni, lakini andikeni chini yake: inasimuliwa. Mtalii mmoja mwenye elimu yake akigundua kwamba mmeweka simulizi mahali pa ushahidi, hatawaamini tena hata mtakapomwonyesha karatasi halali. Na angalieni pia kisa hicho kinamhusu nani: askari mwenye bunduki. Mpagazi hakufundishwa gwaride. Angemwonyesha nini yule afisa, mabega yake?

Tuje kwenye chuma.

Mwaka 1924 kuna mtu alinunua haki ya kuchukua mabaki ya Königsberg kwa pauni 200. Mnajua alikuwa nani? John Ingle, nahodha wa Pegasus, yule yule aliyezamishiwa meli Unguja. Akapeleka wazamiaji, wakatoa shaba na madini mengine ya bei, kisha akaziuza haki zile. Chuma kiliendelea kukatwa kwa miaka mingi, na mwaka 1966 kilichobaki kikaporomoka na kumezwa na mto. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia safari ya kwenda kuiona Königsberg, mwulizeni vizuri atawaonyesha nini.

Lakini vipande vidogo viko majumbani mwetu, na kila mwaka wavuvi wanavuta vingine kwa nyavu. Hapa ndipo wema wa mtu huharibu kitu. Kijana anaokota kipande cha chuma kwenye tope, anafurahi, anakiosha, anakianika juani. Baada ya wiki chache kinaanza kutoa magamba, baada ya miezi kimegeuka unga wa kahawia. Kilikaa miaka mia moja na zaidi majini, kimekufa mwaka mmoja mezani. Kwa nini? Kwa sababu chumvi ya bahari imeingia ndani ya chuma chenyewe. Kikikauka, hewa inaingia, chumvi ile inaisukuma kutu kutoka ndani kwenda nje, na ngozi ya juu inapasuka.

Fanyeni hivi. Kwanza, kisikauke hata saa moja: kikitoka majini kiingie kwenye maji. Pili, chombo kiwe cha plastiki. Sufuria ya alumini au ndoo ya bati hazifai, zitaliwa na dawa. Tatu, tieni maji baridi na kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, gramu 20 kwa kila lita. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, mkiwa na glovu na miwani. Ukimimina maji juu ya soda yataruka yakuunguze. Funikeni, andikeni hatari, watoto wasifike. Nne, badilisheni maji kila mwezi.

Utajuaje chumvi imekwisha? Walimu wa kemia, hii ni yenu. Chukueni maji kidogo ya kile chombo kwenye bomba la maabara, muyatie asidi ya naitriki mpaka yawe asidi, kisha tone la nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe kama maji ya kuoshea mchele, chumvi bado inatoka. Yakibaki maangavu, mmefika. Kipande chembamba kinaweza kuchukua miezi; kinene kinaweza kupita mwaka. Baada ya hapo kiosheni kwa maji safi mara kadhaa, kikausheni haraka, kipakeni nta au grisi. Dawa hii ni ya chuma peke yake. Shaba msiitie.

Shaba ina adui mwingine, naye ni kitambaa cha kung'arishia. Maganda ya makombora yanayotumika kama vyombo vya maua yana mihuri kwenye kitako: kiwanda, mwaka, kundi. Kila Eid yakisuguliwa, muhuri unafutika kidogo. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, muishie hapo.

Kuhusu grisi nina kisa kizuri zaidi cha nchi hii. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa meli, kwa reli na kwa mabega, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani walipoikimbia Kigoma waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi. Lakini mafundi walipaka mitambo grisi nzito kwanza, wakitumaini kurudi. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikabeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara na wakimbizi Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Grisi ya siku chache kabla ya kuzama ilifanya kazi hiyo. Mzinga ulio nje kwenye hewa ya bahari unahitaji uangalizi huo huo: mdomo uzibwe maji ya mvua yasituame ndani, magurudumu yasikae juu ya udongo, chumvi ioshwe kwa maji baridi, rangi iliyopasuka ikwanguliwe mpaka chuma kabla ya kupaka nyingine. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika tu, inaendelea kula chini kwa chini.

Na sasa jambo ambalo silitanii. Makombora zaidi ya 600 katika siku moja, na yale ya siku ya pili, yalianguka kwenye matope na mikoko. Tope laini linaweza kulimeza kombora bila fyuzi kuwaka. Makombora mengi ya Waingereza ya wakati ule yalijazwa asidi ya pikriki, na dawa hiyo ikikaa muda mrefu ikigusana na metali hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa msuguano mdogo. Kuzeeka hakulipoozi kombora, kunalifanya likorofi zaidi. Ukiona kitu chenye umbo la kombora na kichwa chake kipo, usikigeuze, usikikwangue, usikifunge kamba, usikitie kwenye mtumbwi upige nacho picha. Weka alama mbali nacho, kumbuka mahali, toa taarifa kwa mtendaji na polisi. Kazi iliyobaki ni ya jeshi. Wauza vyuma chakavu wakikwambia wanajua kufungua, waambie wakafungulie kwao.

Neno fupi kuhusu sheria, kwa viongozi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Vita hivi ni vya 1914. Mnaona shida? Kaburi la baharia, handaki, njia waliyoikata wavutaji, havilindwi kwa umri wake peke yake. Panatakiwa waziri apatangaze. Na hatatangaza mahali asipopajua. Kwa hiyo kila kijiji kiwe na orodha yake: jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, vipimo vya ramani kutoka kwenye simu, picha nne za pande nne zenye rula au jembe pembeni kuonyesha ukubwa, jina la mwenye shamba, na maelezo ya nani alisema pana nini. Makaburi msiyasafishe kwa moto wala msiyapake chokaa kabla ya kupigwa picha. Maandishi yaliyobaki nusu yakizibwa na chokaa hayarudi. Delta imekuwa eneo la Ramsar, yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa, tangu 2004 pamoja na Mafia na Kilwa, kwa hiyo maofisa wa mikoko na wa hifadhi wanapita huko tayari. Washirikisheni, wana boti na mafuta.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Kila kijiji wazee watatu, mmoja angalau awe mwanamke. Anzeni na mwenye umri mkubwa kuliko wote, si yule anayesifika kwa kuongea. Muongeaji atakuwepo mwakani. Walimu wa kemia waandike wanahitaji kiasi gani cha nitrati ya fedha. Watendaji wachukue karatasi za orodha ya maeneo pale mezani, karibu na mlango. Na wewe bwana uliyenong'ona mwanzoni kwamba babu yako alikuwa na kovu la kamba begani, tafadhali usiondoke. Kuna vijana wawili hapa na simu yao iko tayari.